Maharage ya Baba Mkwe

Nakumbuka mchana mmoja wa masika, mjukuu wangu, mvua imetupumzisha kidogo na ukungu bado umekaa juu ya miti, Shangazi Rebeka alipoingia jikoni kwangu bila hata kubisha hodi. Alikuwa ametoka kumsalimia kaka yake, yaani baba mkwe wangu, mzee Zakaria, aliyekuwa amejikunyata kibarazani ndani ya blanketi. Shangazi akatua mzigo wake, akanitazama, akasema, "Nyinyi watu mnamuua huyu mzee. Na mnamuua kwa heshima na adabu zote."

Naanza na maneno hayo makali kwa sababu jana nilikuona mezani. Umetoka hospitali na tumbo lako, daktari amekupa masharti, vizuri sana, nami nayaheshimu. Lakini nilikuhesabia vile ulivyovisukuma pembeni. Maharage hapana, maziwa hapana, parachichi hapana, kabichi hapana, ndizi hiyo nayo unaigeuzageuza kana kwamba ina mwiba ndani. Nikajiuliza, jamani, huyu mtoto sasa anaishi kwa kula nini, upepo? Nikanyamaza, maana wageni walikuwepo. Leo hakuna wageni, kaa hapa karibu nami unisikilize.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa mke mgeni katika nyumba ile, kijijini kwetu huku juu milimani, upande wa Kwai. Mume wangu Efraimu alikuwa kijana bado, na Yona, mtoto wetu wa kwanza, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Mama mkwe sikumkuta, alikuwa ameshafariki, kwa hiyo chakula cha baba mkwe kilikuwa mikononi mwangu tangu siku niliyoingia. Nami nilimpenda yule mzee, nikwambie ukweli. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Siku za kazi ya shamba la kijiji yeye ndiye aliyetangulia mbele kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mchana sufuria kubwa la makande, mahindi na maharage pamoja, lilipotuliwa chini, yeye ndiye aliyeanza kuwatania wapishi.

Basi akaanza kushika tumbo. Mwanzoni alificha, halafu ikafika siku akashindwa kunyanyua jembe. Efraimu akampeleka hospitali, wakarudi na habari kwamba ni vidonda vya tumbo. Daktari wa pale, mtu wa makamo, alimpa dawa na kumwambia aache pilipili, pombe ya miwa, tumbaku, chai ya rangi iliyokolea, ndimu, na maharage kwa sasa. Ale vitu laini, anywe maziwa, kisha arudi aonekane tena. Ndivyo alivyosema, na wala hakukosea. Wa kukosea tulikuwa sisi huku nyumbani.

Nisikilize vizuri hapa. Huku kwetu zamani kila ukoo ulikuwa na mwiko wake. Hawa hawali nyama ya mnyama fulani, wale hawamgusi ndege fulani. Mtu haulizi sababu wala haulizi mpaka lini. Amepewa na babu yake, naye anawapa watoto, na nyumba nzima inaushika pamoja naye. Tena kuna jambo lingine. Mwiko ukishafungwa, hauufungui mwenyewe kwa kuwa una hamu. Anaufungua kwa kinywa chake yule aliyeufunga, au kama hayupo, yule aliyekalia kiti chake. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, kila Jumapili yuko benchi la mbele, lakini alilelewa hivyo. Mtu mwenye mamlaka juu ya mwili wake alipomwambia usile, yeye hakusikia ushauri wa dawa. Alisikia mwiko, wala hakurudi hospitali kuuliza mpaka lini.

Na sisi tukaushika pamoja naye, tena kwa moyo wote! Chungu cha maharage nilikitoa nje nikakigawa. Jirani akileta maharage mabichi, namshukuru, namrudishia. Yona alikua na meno yakamtoka hajui maharage yana ladha gani, na watu wakaanza kumwita mtoto wa nyumba isiyokula maharage. Huku Usambara, mwanangu, unaelewa maana yake? Tulikuwa tumezungukwa na maharage mpaka mlangoni.

Lakini hayo maharage yalikuwa mwanzo tu. Siku moja baba alikunywa maziwa, jioni akajipinda. Efraimu akasema, "Basi, na maziwa pia." Siku nyingine alikula kabichi akajaa gesi, tukaiondoa kabichi. Parachichi likaondoka kwa sababu shemeji mmoja alisema lina mafuta mengi. Ndizi za kupika zikaondoka, hata sikumbuki zilikosa nini. Kila mtu aliyepita kutupa pole alituachia kitu kimoja cha kukataza, na hakuna hata mmoja aliyetuachia cha kuruhusu. Mwishowe zikabaki uji mwembamba na viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi. Asubuhi uji, mchana viazi, jioni uji tena.

Utaniuliza, na yeye mwenyewe mbona hakusema? Ehee, hapo ndipo penye kisa. Baba mkwe wa enzi zile hamwambii mke wa mwanawe kwamba chakula hakitoshi, au hakina ladha. Hata kunitazama usoni alikuwa hanitazami sana. Napiga magoti natenga chakula, nasema "Karibu, Baba," yeye anaitikia akitazama mlango, anakula, anashukuru, ananawa. Nikiona bakuli limebaki tupu nafurahi, nasema moyoni, ameshiba. Kumbe mtu ameramba mpaka chini kwa njaa, na adabu yake haimruhusu kusema ongeza.

Shambani nako mambo yakaharibika. Alipokuwa bado anajikongoja kwenda kwenye kazi ya kijiji, sufuria likiletwa yeye anasogea kando na kukaa peke yake. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Zakaria anatuogopa nini? Anadhani tumemtilia kitu kwenye chakula? Unajua lilivyo jambo hilo, mtu kukataa kula na wenzake. Maneno yakamfikia, yakamuuma kuliko kidonda, akaacha kwenda kabisa.

Akakonda. Suruali aliifunga kwa kamba. Mashavu yakaingia ndani, sauti ikawa ndogo. Siku moja alimwita Efraimu akampa jembe lake, lile alilolipenda, mpini umekuwa mweusi kwa mikono yake. Akamwambia, "Hili sasa ni lako." Efraimu alikuja jikoni nalo mkononi, akakaa chini akalia. Sote tulielewa baba anaaga. Tukasema ugonjwa umemzidi, tukazidi kuomba, na mimi kwa mapenzi yangu yote nikazidi kuupunguzia ule uji unga, eti usimchoshe tumbo. Mungu anisamehe, nikikumbuka nacheka na machozi yananitoka.

Hapo sasa ndipo Shangazi Rebeka alipopanda kutoka Mnazi, kule tambarare alikoolewa. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Katika nyumba ya kaka yake neno lake lilikuwa neno.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema, maana hata salamu hakuniachia nafasi.

"Marahaba. Anakula nini ndugu yangu?"

Nikamtajia. Nilidhani atanisifu kwa uangalifu wangu.

"Na nini kingine?"

"Basi, Shangazi."

Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza kimoja kimoja. Maziwa yalikatazwa na daktari? Hapana, Shangazi. Kabichi? Hapana. Parachichi je? Hapana, alisema shemeji. Chumvi? Hakuna aliyejua chumvi ilikatazwa na nani. Kila nilipojibu alikuwa anashusha pumzi. Nilianza kulia, naye badala ya kunifokea alinivuta akanikumbatia, akaniambia, "Mama Yona, najua unampenda. Angekuwa na mkamwana mvivu angekuwa anaiba ndizi jikoni na amenenepa. Wewe umemlinda mpaka amebaki mifupa."

Nikafuta machozi nikamwambia, "Basi Shangazi, nimpikie maharage leo leo?"

Weee! Aliniachia ghafla. Hata yeye, kwa ukali wake wote, hakuthubutu. Akasema, "Mimi siwezi kufungua nisichokifunga. Na yeye hatakula, namjua tangu ananyonya. Kesho tunakwenda kwa huyo daktari, akafungue kwa kinywa chake."

Kesho yake Efraimu na vijana wa jirani walimbeba baba mpaka barabarani, tukapanda lori la kuchukua mboga, Shangazi mbele na dereva, sisi nyuma na magunia ya karoti. Tukafika hospitali. Na hospitali tukaambiwa yule daktari ameshahamishwa, yuko mkoa mwingine, mbali. Nilimtazama Shangazi. Alishika kichwa, akakaa chini kwenye saruji, akasema kwa Kishambaa, polepole, kwamba sasa kaka yake amekwisha. Baba akamwekea mkono begani kumtuliza. Mgonjwa ndiye alikuwa anambembeleza mzima.

Tulipoingia ndani tulimkuta daktari kijana, mtu wa Bukoba, Kiswahili chake kimenyooka cha shule. Alisimama alipomwona baba. "Shikamoo, mzee." Akampima, akambonyeza tumbo hapa na pale, akamuuliza kama panauma. Baba akasema hapaumi sana. Akauliza anakula nini, nikamtajia. Yule kijana aliweka kalamu chini.

"Mama," akaniambia kwa upole, "kidonda naona kimetulia zamani. Huyu mzee ana njaa."

Njaa! Katika msimu wa viazi, nyumba ina dari limejaa mahindi, mtu ana njaa. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini daktari hakutusimanga. Alimgeukia baba, akamuuliza kwa nini hakurudi kula baada ya maumivu kwisha. Baba akatazama mlango. Ndipo Shangazi akasimama akamweleza yote, habari ya mwiko, habari ya anayefunga na anayefungua, na kwamba mwenye kufunga ameondoka na kinywa chake.

Sasa mwingine hapo angecheka, au angetuhubiria habari za ujinga. Yule kijana alifikiri. Halafu akauliza, "Kwenu huko, aliyefunga akiondoka, nani anafungua?"

"Aliyekalia kiti chake," akajibu Shangazi.

"Basi tazama, mama yangu. Mimi nimekalia nini?"

Shangazi akakiinamia kile kiti, akakichunguza miguu. "Ndicho chenyewe alichokalia yule?"

"Ndicho chenyewe. Hata huu mguu unaoyumba ni wa tangu enzi zake."

Baba mkwe akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, lakini sote tulikisikia, na Efraimu akageuka ukutani.

Ndipo wakaanza. Shangazi anataja, daktari anajibu, baba anasikiliza mikono imekaa magotini kama mtu aliye kanisani. Maziwa? Ruhusa, yawe freshi, kikombe kidogo kwanza. Ndizi za kupika? Ruhusa, ziive zilainike. Parachichi? Ruhusa, si lote kwa mpigo mmoja. Kabichi? Ngojeni kidogo, mtamjaribisha baadaye, ikipikwa ikaiva sawasawa. Chumvi? Daktari akashangaa, "Chumvi nayo ilifungwa?" Ruhusa, ya kiasi. Chai? Yenye maziwa, isikolee, na asinywe tumbo likiwa tupu. Pilipili?

"Hapana," akasema daktari.

"Kidogo tu?"

"Mama, hapana."

"Na pombe ya miwa?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini, hamtazami mtu.

"Hiyo hata ukiniletea wazee wa ukoo wote waje kukikalia hiki kiti kwa zamu. Na tumbaku iende nayo."

Mwisho Shangazi akavuta pumzi. "Maharage?"

Daktari hakumjibu yeye. Alimtazama baba akamwambia, "Mzee, kwa kiti hiki, maharage ya kwako nayafungua. Lakini si leo. Utaanza na maziwa. Ukikaa nayo siku chache tumbo likanyamaza, unaongeza ndizi. Kitu kimoja kimoja. Kikikuudhi, unakiacha, unakijaribu tena siku za mbele, maana huenda siku ile kosa halikuwa lake. Msikamate vitatu kwa pamoja mkavifunga vyote. Na maharage yatakuja mwisho, yapondwe kwanza, kijiko kimoja au viwili." Akaongeza, "Ila kuna dawa moja mimi sina. Wewe ndiye unayelijua tumbo lako. Usipomwambia huyu mama anayekupikia, atakuwa anapika gizani."

Baba akatazama mlango tena. Mimi nikatazama miguu yangu.

Njiani kurudi Shangazi alikuwa analiwaza hilo. Alijua kaka yake hawezi kunikabili aniambie habari za tumbo lake, ingekuwa aibu kwake na kwangu. Tulipofika nyumbani akachukua kigoda cha baba, akakiweka nje ya mlango wa jiko langu, akamwambia, "Wewe utakaa hapa. Huna haja ya kusema na Mama Yona. Sema na moto."

Basi, mwanangu, ukiona mazungumzo ya ajabu, yalikuwa yale. Baba anakaa nje ya mlango, ananipa mgongo, anakohoa, anasema, "Ewe moto, maziwa ya leo yamekaa vizuri." Nami ndani nageukia mafiga najibu, "Moto, mwambie Baba nimefurahi." Siku nyingine, "Ewe moto, ile kabichi ya jana imenisumbua mpaka nikashindwa kulala." "Moto, mwambie Baba anisamehe, tutaiweka kando." Efraimu akipita anatukuta tunaongea na kuni anaondoka anacheka. Yona naye akajifunza, akawa akitaka uji anausemesha moto.

Mashavu yakaanza kurudi. Kamba ya suruali ikatupwa. Siku ya maharage ilipofika niliyapika tangu alfajiri, nikayaponda mpaka yakawa laini kabisa, nikayatia chumvi, nikaweka vijiko viwili kwenye bakuli. Nyumba nzima tulisimama tunamtazama, maskini, mtu hawezi hata kumeza. Akaomba kwanza, macho ameyafumba. Akala. Jioni hakuna kitu. Kesho yake hakuna kitu. Kesho kutwa moto ukaambiwa kwamba vijiko viwili ni vya mtoto. Zamu ya Yona nayo ikafika, akaonja, akatema, akaonja tena, na tangu hapo hajaacha.

Baadaye Baba akamwomba Efraimu amwazime jembe lake mwenyewe, akarudi shamba la kijiji. Mchana sufuria likatuliwa, akasogea, akaketi na wenzake, akala makande bakuli dogo. Waliokuwa wananong'ona walimsogezea nafasi, na mmoja wao, mwenye mdomo kuliko wote, ndiye aliyempakulia.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Siku moja nilichelewa kurudi kutoka darasa la elimu ya watu wazima, nilikokuwa nafundisha wenzangu kusoma. Nikapika haraka haraka, moto mkubwa, mawazo hayapo. Nikatenga. Efraimu akala hasemi kitu. Baba akatia mdomoni, akatafuna, akatafuna tena, akaweka kijiko chini. Hakuutazama mlango. Hakuutafuta moto. Alininyanyulia uso akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu niolewe, akasema, "Mama Yona, haya maharage hayajaiva."

Efraimu aliacha kutafuna. Mimi nikasema, "Ndiyo, Baba, nayarudisha jikoni." Nikalichukua bakuli, nikafika kwenye mafiga, nikakaa chini nikalia kwa furaha mpaka kanga ikalowa. Mzee wetu alikuwa amepona, na nilikuwa nimekuwa binti yake.

Akaishi baada ya hapo miaka mingi, mwanangu. Pilipili hakugusa tena, pombe hakugusa, tumbaku aliiacha kwa manung'uniko. Lakini vingine alikula, na alinisema kila nilipovikosea.

Ndiyo maana nakuomba. Alichokukataza daktari, kikatae bila kuona haya, hata ukiwa kwenye harusi. Lakini muulize mpaka lini, na siku hiyo ikifika rudi kwake ukaulize tena, usijiongezee masharti ya majirani wala ya hofu yako. Rudisha chakula kimoja kimoja, ukipe kila kimoja nafasi yake. Na anayekupikia mwambie ukweli, useme hiki kimenikaa vizuri, hiki kimeniudhi, hiki hakijaiva, hata kama anayepika ni mimi bibi yako na unaniogopa. Mimi sitakasirika. Nikinuna, ni dakika mbili tu.

Mungu akutulizie tumbo hilo, mjukuu wangu. Akupe hamu ya kula na nguvu ya kushika jembe, akupe daktari mwenye subira kama yule, na nyumba yako isikose kamwe mtu wa kumwambia una njaa. Haya, sogeza bakuli. Kama daktari wako hakuyafunga maharage, nimekupondea vijiko viwili.